Shangazi Anajibu: Bibi anayeficha mkate, na karanga za Kongwa

Tangu niseme humu kwamba niliwahi kuhudumia wazee mjini Hull, Uingereza, kwa miaka kumi na sita kabla ya kurudi nyumbani Kongwa, barua zimeingia kama kumbikumbi. Nyingi zinauliza habari za vita vya 1939 hadi 1945 na jinsi familia za kawaida kule zilivyoishi. Nimechukua nne. Zinazouliza majenerali na ndege za kivita nimeziweka kando, wataalamu wake wapo. Mimi niliyoyajua niliyasikia nikikata watu kucha na kuwachana nywele.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nafanya kazi katika nyumba ya wazee huku Leeds, huu mwaka wa pili. Tuna bibi wa miaka 91 anayeficha mkate. Kila tukibadilisha shuka tunakuta vipande chini ya mto, vipakiti vya sukari ndani ya soksi, siagi imeyeyukia kwenye mkoba. Usiku anaamka mara tatu kuvuta mapazia. Wenzangu wanasema ni ugonjwa wa kusahau, na sasa tumeagizwa kupekua chumba chake kila jioni. Tukimnyang'anya analia kama mtoto. Nifanyeje?
*Mhudumu, Leeds*

JIBU: Marahaba mwanangu. La kwanza, acheni kumpekua.

La pili, piga hesabu. Mtu wa miaka 91 leo alikuwa na miaka mitano hivi chakula kilipoanza kugawiwa kwa vipimo Uingereza, tarehe 8 Januari 1940. Walianza na nyama ya nguruwe ya chumvi, siagi na sukari. Ikafuata nyama, ikafuata chai, jibini, jemu, nguo, sabuni, hadi peremende za watoto mwaka 1942. Vita vikaisha 1945, mgao ukabaki. Kitu cha mwisho kuachiwa kilikuwa nyama, Julai 1954. Bibi yako wakati huo alikuwa msichana wa kuolewa, kama hakuwa ameshaolewa. Huyo hajasahau kitu. Anakumbuka kuliko nyote humo ndani.

Sasa nenda jikoni uchukue mizani upime gramu 57 za siagi. Nasema pima kweli, usiishie kusoma. Utaona ni kama viberiti viwili vilivyobebana. Hiyo ndiyo ilikuwa siagi ya mtu mmoja kwa siku saba, kwa muda mrefu wa vita. Chai nayo gramu 57. Sukari kama gramu 227. Yai la kweli moja kwa wiki, likipatikana. Lisipopatikana kulikuwa na mayai ya unga kutoka Marekani, ya kukorogwa na maji.

Nilikuwa na bibi wangu mmoja pale Hull, chumba cha mwisho karibu na mlango wa bustani. Alizaliwa 1931. Alinieleza kwamba Jumatatu asubuhi mama yake aligawa siagi ya wiki, kila mtu na kisahani chake, kisha akapitisha uma juu ya kila kipande, kila mtoto na mchoro wake, ili anayedokoa cha mwenzake ajulikane. Kaka mkubwa alimaliza chake siku hiyohiyo, halafu wiki nzima akazunguka meza kama paka. Kisahani cha mama hakikuwa na mchoro wowote. Bibi alifikisha miaka arobaini na kitu, naye ana watoto wake, ndipo ikampiga kichwani kwa nini. Siagi isiyo na alama inamegwa kumwongezea yeyote na hakuna wa kuuliza.

Kila mtu alikuwa na kitabu chake. Cha mtu mzima kilikuwa rangi ya kaki. Cha kijani kilikuwa cha mjamzito, anayenyonyesha na mtoto chini ya miaka mitano, na ukiwa nacho unatangulizwa kwenye maziwa, na machungwa yakifika. Cha buluu kilikuwa cha watoto wa shule. Na hukununua popote upendapo. Ulijiandikisha kwa muuza duka mmoja, naye akakata kuponi kwa mkasi au kupiga muhuri. Mkigombana naye mna kazi. Sisi tuliokua miaka ya 1980 mwanzoni hatuhitaji kuelezwa sana. Tulilijua duka la kaya, la bidhaa za mgao, tulipanga foleni bila kuuliza inauza nini, na walanguzi tuliwajua kwa majina. Basi kule nako walanguzi walikuwepo, wenye nailoni na nyama ya mlango wa nyuma. Hadithi kwamba taifa zima lilikuwa na umoja na kila mtu alikuwa mwaminifu, wazee wangu walipoisikia kwenye televisheni walicheka.

Utauliza, kwa nini mkate? Mkate wakati wa vita haukuwekwa kwenye mgao. Ulikuwa wa rangi ya majivu, kwa sababu ngano ilisagwa na sehemu kubwa ya pumba zake ili meli za nafaka zitoshe, na watu waliuchukia, lakini ulipatikana. Ila kuupoteza kulikuwa kosa. Kutupa chakula kizima uliweza kutozwa faini mahakamani. Halafu vita vimekwisha, watu wanangoja nafuu, Julai 1946 serikali ikauweka mkate nao kwenye mgao hadi Julai 1948. Mtoto aliyeyaona hayo hawezi kumtazama mhudumu akikusanya vipande vizima kutoka mezani na kuvitupa kwenye pipa. Anaviokoa.

Kuhusu mapazia: tangu Septemba 1939 mwanga wowote kutoka dirishani usiku ulikuwa haramu, na mlinzi wa mtaa alipita akipiga kelele, "Zima taa hiyo!" Giza lilikuwa zito kiasi kwamba mwezi huo wa kwanza waliokufa barabarani walikaribia mara mbili ya Septemba iliyotangulia, hata bomu halijaanguka. Kuvuta mapazia ilikuwa kazi ya watoto. Wewe usiku ingia, mwambie, "Bibi, nimezunguka nje, hakuna mwanga unaotoka." Mimi nilisema hivyohivyo kila zamu ya usiku na walilala.

Mkate mtafutieni kopo la biskuti lenye kifuniko, la kwake, mezani kwake. Asubuhi mwombe ruhusa ubadilishe vikavu kwa vipya. Siagi na vitu vinavyooza mweleze kwamba vinawekwa kwenye friji na jina lake limeandikwa, kisha andika jina kweli, umwonyeshe. Kama ana kisukari mwambie muuguzi habari za sukari ya kwenye soksi, hilo usilifiche. Na wenzako wanaocheka, wape hiyo mizani.

SWALI: Shangazi, nimeona picha ya zamani mwanamke wa London amesimama juu ya kiti, mwenzake anamchora mstari nyuma ya mguu kwa kalamu. Ni urembo gani huo? Sisi tuna hina na piko.
*Msomaji, Zanzibar*

JIBU: Ni soksi ndefu hiyo, mwanangu, au tuseme uongo wa soksi. Hariri na nailoni zilikwenda kushonea miamvuli ya wanajeshi wa angani. Nguo nazo zilikuwa kwa kuponi tangu tarehe 1 Juni 1941, kuponi 66 kwa mwaka wa kwanza, na gauni moja la sufu lilimeza 11. Soksi za zamani zilikuwa na mshono nyuma, basi msichana akichora mstari kwa wanja wa nyusi, miguu akiipaka rangi ya kahawia ya kuungia mchuzi, kwa mbali ukimwona utasema amevaa. Mvua ikinyesha, aibu. Na mbwa walimfuata kulamba. Piko angalau halilambwi.

SWALI: As-salaam aleykum Shangazi. Binti yangu wa darasa la tatu amenisomea kwamba vita vilipoanza wazazi wa Uingereza waliwapandisha watoto treni, wakawapeleka kwa watu wasiowajua. Mimi mwanangu akilala kwa shangazi yake Malindi usiku mmoja sipati usingizi. Hao walikuwa na roho za namna gani?
*Mama wa watoto watatu, Mombasa*

JIBU: Wa aleykum salaam, mwanangu. Roho kama yako. Hawakulala pia.

Elewa walichoambiwa. Serikali ilitarajia kwamba siku vita vikitangazwa, mabomu na gesi ya sumu vitamiminwa juu ya miji mikubwa palepale. Kila mtu alishapewa barakoa ya gesi, hata watoto wachanga walikuwa na yao ya kuingizwa mwili nusu, mama anapampu hewa kwa mkono. Sasa mwambie mama mwenye kitu hicho kabatini kwamba kuna treni ya bure kwenda shamba. Ilianza Ijumaa tarehe 1 Septemba 1939, siku mbili kabla ya vita kutangazwa, na kwa siku chache watu kama milioni moja na nusu walihamishwa: watoto wa shule na walimu wao, akina mama wenye wachanga, wajawazito. Hakuna aliyelazimishwa. Hapo ndipo penye uchungu wenyewe, maana uamuzi ulikuwa wa mzazi.

Bibi wangu wa chumba cha mwisho alikuwa na miaka minane. Alikuwa na karatasi ya jina imefungwa kwenye kifungo cha koti, barakoa kwenye boksi lenye kamba, na mkono wa mdogo wake wa miaka mitano. Mama alisema neno moja: "Usimwachie." Hawakujua wanakwenda wapi. Walipewa kadi ya posta waandike anwani wakishafika, ndipo nyumbani wajue.

Wakashushwa kijiji kimoja cha vilima vya Yorkshire, si mbali sana na Hull, lakini kwa mtoto wa mtaa wa wavuvi ilikuwa nchi nyingine. Wakapangwa ukumbini, wenyeji wakaanza kuchagua. Nilipomwuliza walichagua vipi, alinitazama kama nimeuliza swali la kijinga. "Kama kuku sokoni," akasema. Wasichana wakubwa wa kusaidia kazi za nyumbani walikwenda kwanza, na wavulana wenye mabega, maana ni wakulima wale. Mama mmoja alimtaka yeye bila mdogo wake. Hakuachia mkono. Mwingine akamtaka mdogo peke yake. Hakuachia. Ukumbi ukaisha watu, taa zikawashwa na madirisha yakazibwa, wakabaki wawili na mwalimu anayepiga miayo.

Mwisho alikuja seremala wa kijiji na mkewe, watu wasio na mtoto. Serikali ililipa mwenyeji shilingi 10 na peni 6 kwa wiki akichukua mtoto mmoja, na kama ni wawili au zaidi, shilingi 8 na peni 6 kila mmoja. Seremala alitengeneza majeneza, na yule mdogo, mtoto wa mvuvi, siku ya kwanza aliuliza hizo mashua zitateremshwa wapi baharini. Alikojoa kitandani kila usiku kwa miezi miwili. Mke wa seremala alifua bila kusema, lakini bibi alikuwa akiamka alfajiri kujaribu kukausha shuka kwa kuipepea, ili wasirudishwe. Si wote walipata wenyeji wa hivyo. Kuna waliopigwa, waliolishwa mabaki, waliofanyishwa kazi kama punda. Na kuna waliolia vita vilipoisha kwa sababu hawakutaka kurudi kwa mama wasiyemjua tena.

Krismasi ikakaribia na bomu hakuna. Mama akaja na basi akawachukua. Hakuwa peke yake, karibu nusu ya watoto walikuwa wamesharudi mijini ilipofika Januari 1940. Basi mabomu yalipokuja kwelikweli, Septemba 1940 London, usiku 57 mfululizo, na miji mingine baadaye, yaliwakuta wengi nyumbani. Bibi na mdogo wake walilala bustanini ndani ya handaki la bati la mikunjo lililofukiwa udongo. Miguu yao ilikuwa ndani ya maji, kwa sababu Hull ni tambarare, ukichimba kidogo unakuta maji. Machi 1941 mji ukapigwa vibaya, mama akawarudisha kwa seremala. Baba alikuwa baharini. Meli yake ya uvuvi ilichukuliwa na jeshi la wanamaji kutegua mabomu ya majini.

Kisha ikaja Mei 1941, usiku wa tarehe 7 na wa tarehe 8. Kutoka kilimani mbingu ya upande wa Hull ilikuwa nyekundu hadi asubuhi. Seremala akafungua redio. Redio ikasema mji mmoja wa pwani ya kaskazini-mashariki umeshambuliwa. Hawakuutaja jina. Vita vizima habari zilisema hivyohivyo, mji mmoja wa pwani, kwa sababu za usalama, na watu wa Hull hadi leo wana kinyongo. London inatajwa, Coventry inatajwa, wao, ambao kati ya nyumba zao zaidi ya 90,000 zilibaki nzima zisizofika 6,000, walikuwa "mji mmoja" tu. Bibi alimwambia seremala, "Ni kwetu." Akamjibu, "Hawajasema ni kwenu, mwanangu."

Siku tatu. Siku ya nne mama akafika, sehemu kwa lori, sehemu kwa miguu, nywele zimejaa vumbi la chokaa. Nyumba haikuwepo. Aliingiza mkono kifuani, ndani ya sidiria, akatoa vitabu vitano vya mgao, akavipanga mezani kwa seremala kimoja kimoja kama mtu anayehesabu watoto.

Wako yuko kwa shangazi yake Malindi. Lala.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Tulikuwa tunabishana kijiweni. Babu wa rafiki yangu anasema Waingereza walikuja Kongwa kulima karanga baada ya vita kwa sababu kwao walikosa mafuta ya kula. Wengine tukasema haiwezekani, nchi iliyotutawala ikose mafuta ya kupikia? Wewe ni mtu wa Kongwa, tuamulie.
*Mwanafunzi, Morogoro*

JIBU: Marahaba. Babu ameshinda. Mnunulieni soda.

Wakati wa vita mafuta ya kupikia yalikuwa gramu 57 kwa mtu kwa wiki, mbali na siagi na majarini. Mei 1945, Ujerumani imeshasalimu amri na watu wamecheza barabarani, mgao huo ulikatwa nusu, ukawa gramu 28. Dunia nzima ilikuwa na upungufu wa mafuta. Hapo wakubwa wa London wakaitazama ramani ya Tanganyika. Mpango ulikuwa kufyeka ekari zaidi ya milioni tatu ndani ya miaka sita, nyingi zikiwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Wakaleta matrekta, mengine yakiwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa. Mibuyu na vichaka vya miiba vikavunja vyuma. Udongo wetu wa Kongwa mvua ikipita unakuwa kama sakafu ya saruji, karanga haing'oki. Na mvua yenyewe Mgogo yeyote angewaambia, kama wangeuliza. Mwaka 1951 wakafunga, pauni kama milioni 36 zimekwenda na maji. Mbegu walizonunua zilikuwa nyingi kuliko karanga walizovuna. Bandari ya Mtwara ndiyo iliyotubakia, nayo si haba.

Ongeza na hili kwenye ubishi wenu: wakati mama wa Hull anachora siagi kwa uma, huku Tanganyika serikali hiyohiyo ilikuwa inachukua wanaume kwa amri kwenda mashamba ya mkonge, maana Wajapani walikuwa wameziteka nchi za Asia zilizotoa nyuzi za kamba. Vita vyao vilikuwa na jikoni huku pia.

Nilimsimulia bibi yangu habari hizi usiku mmoja wa zamu. Nilimwambia utotoni tulipanda juu ya chuma chakavu cha matrekta yale, tukijifanya madereva, na kwamba karanga tunazo, za kwetu, tunazitwanga na kutia kwenye mlenda. Alikaa kimya, nikadhani amelala. Kisha akasema, "Mama aliziona gazetini. Alikuwa anazingoja."

Siku ya mapumziko nikaenda duka la Waafrika nikanunua karanga nusu kilo. Nikakaanga, nikasaga laini kabisa, meno hakuwa nayo. Nilitaka kumpakia kwenye mkate, akakataa, akataka kisahani. Nikampa. Akaomba na uma.